Fildi ya Kumi na Moja

Kama kuna kitu ambacho Drusilla alikijua duniani, ni kuchuma chai. Kwa miaka ishirini na mbili alikuwa amebeba kikapu mgongoni katika shamba moja kubwa pande za juu za Kapsoit, tangu alipotoka Kisii na Moureen tumboni. Kikapu hicho ndicho kilichomsomesha Moureen mpaka chuo kikuu, akachukua uinjinia wa kilimo, na sasa msichana alikuwa amerudi shamba lile lile kufanya atachimenti yake ya mwisho, yale mafunzo ya kazini, na buti mpya miguuni. Katika kambi ya wafanyakazi mama huyo hakuwa na habari nyingine ya kuzungumza. Watu walimchoka, lakini walimpenda, kwa hiyo walimsikiliza.

Kazi aliyopewa Moureen ilikuwa kutafuta fildi, yaani vipande vya shamba, zinazofaa mashine ya kuchuma. Injinia Kipkosgei, mkubwa wake, alimweleza waziwazi kwamba mashine haitaki mteremko mkali wala meza mbovu. Meza ni ule usawa wa juu wa michai. Ukiwa na mabonde, kisu kinakata matawi hapa na kuacha majani pale.

"Niletee fildi tatu," alisema Kipkosgei. "Ukileta tatu, kazi ni yako, sitatafuta mtu mwingine. Na usiende kuambia watu wa kambi. Hii ni mambo ya ofisi."

Baada ya mwezi Moureen alikuwa na mbili tu. Wengine waliomtangulia chuoni walikuwa wakiendesha boda boda mjini Litein, vyeti vyao vikiwa chini ya godoro, na hilo lilimkosesha raha kuliko kitu kingine chochote.

Fildi ya kumi na moja ilikuwa tambarare kabisa, lakini meza yake ilipanda na kushuka ovyo. Moureen aliipima, akaikataa, na kimoyomoyo akamshukuru Mungu, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa fildi ya mama yake na wanawake wengine kumi na wanane. Alikuwa anakusanya vifaa vyake wakati Janeffer, rafiki wa mama yake wa siku nyingi, alipomwita kutoka katikati ya michai.

"Moureen, unapima nini hapo?"

Kabla hajafungua mdomo, mama yake alidakia. "Si anapima kazi yetu! Ni mtihani yake. Sisi tukiwa na meza mbaya, yeye anafeli."

"Ni ukweli?" Janeffer akauliza.

Moureen angeweza kusema hapana. Neno lenyewe ni fupi. Aliinama akafunga kamba ya buti iliyokuwa imefungwa tayari, akasema, "Nitarudi kupima tena baada ya wiki tatu."

Katika wiki tatu hizo wanawake wale walifanya kazi ambayo nyapara wao hakuwahi kuiona. Kila mchumaji ana ufito wake, ule anaoulaza juu ya michai ili aone jani lipi limezidi. Mara nyingi ufito huo ni wa kumwonyesha nyapara tu, maana anayelipwa kwa kilo hana muda wa kuchezea usawa. Sasa waliulaza kila hatua. Walivunja kila kilichozidi wakakitupa, kilo zikapungua, na hakuna aliyenung'unika. Janeffer, ambaye mgongo ulikuwa unamsumbua, alibaki nyuma kwenye mvua ya alasiri akirekebisha mstari wa mwisho. "Huyu ni mtoto wetu," alisema. "Hatafeli kwa mstari yangu."

Moureen alisimuliwa hayo na mama yake wakila ugali, akaendelea kumega tonge. Tuseme ukweli: hakuwa mjinga, na hakuna aliyemshikia rungu. Aliitaka ile kazi.

Alipopima tena, fildi ya kumi na moja ilitia fora kuliko zote. Kipkosgei alimpa mkono. "Hii umeitoa wapi? Hapa mashine itateleza tu."

Mashine ilianzia hapo mwezi uliofuata, watu wanne wakafanya kazi ya watu kumi na tisa. Jumatatu moja nyapara alisoma majina. Wote kumi na tisa walikuwa wameachishwa kazi, na kwa kuwa nyumba za kambi ni za wafanyakazi, walitakiwa wawe wamehama kufikia mwisho wa mwezi.

Moureen alimkuta mama yake akikunja mablanketi. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, kwa machozi. Drusilla alimwuliza jambo moja.

"Ulijua?"

"Nilijua, Mama. Lakini nimepewa nyumba kule kwa wakubwa, iko na vyumba viwili. Utakaa na mimi. Hutateseka."

Drusilla aliketi kitandani. "Mimi ungeniambia, ningeinyoosha tu hiyo meza. Ningeinyoosha hata kwa magoti, ndio upate kazi. Wewe ni mtoto wangu." Alitazama vidole vyake vilivyokuwa vyeusi kwa utomvu wa chai. "Lakini Janeffer hakukuzaa. Janeffer ungemwambia."

Moureen alianza kulia, na mama yake hakumbembeleza. Alijitwika furushi lake, akatoka, akaingia kwa Janeffer kumsaidia kufunga vyombo. Moureen alimfuata. Alipofika mlangoni, Janeffer, kwa heshima ambayo hakuwahi kumwonyesha mtoto huyo hata siku moja, alisimama, akajifuta mikono kwenye leso, akamwambia, "Karibu, madam."