Mfungo Sita wa Bi Latifa

"Umeandika nimechanganyikiwa, hukuandika?"

Bi Latifa alikuwa kamzibia Jerusha mlango wa lifti, kanga moja kiunoni, nyingine begani, na ghorofa nzima ya tatu tumeshatoka kusikiliza, kila mtu na kisingizio chake. Mimi nilikuwa napangusa kitasa ambacho hakijawahi kupanguswa tangu jengo hili la mtaa wa Bin Mahmoud, huku Uarabuni, lisimame.

Jerusha, jirani yetu, ni nesi, mtu wa Nakuru. Akajitetea kwamba alifuata fomu tu: mzee yeyote akifika kliniki kwao lazima aulizwe ni mwezi gani. Bi Latifa kajibu Mfungo Sita. Mwezi gani huo? Basi nesi kaandika akili haijakaa sawa, na operesheni ya mtoto wa jicho ikasimamishwa mpaka iletwe barua ya daktari wa akili. Hata hilo hakuambiwa yeye. Aliambiwa mwanawe Nassoro, mama kakaa pembeni kama gunia lililoletwa kupimwa.

"Shosho, tulikuwa tunakujali tu," Jerusha akasema.

"Shosho ni bibi yako. Na huyu Nassoro, ulimuuliza mwezi?"

Nassoro akatazama viatu vyake. Ikabidi Jerusha akiri: Nassoro alipotia saini fomu ile aliandika tarehe ya juzi, tena ya mwaka jana, na hakuna aliyemtafutia daktari wa akili. Tukacheka bila adabu.

Bi Latifa akamsogeza nesi hadi kwenye kalenda ya bakala, duka la chini, iliyotundikwa ukutani kwenye korido, ile yenye tarehe za Kiislamu chini ya za kizungu.

"Mimi sioni, ndiyo maana nilikuja kwenu. Soma wewe. Shika Ramadhani, kisha hesabu. Kwetu Unguja, mwezi unaofuata ni Mfungo Mosi."

Jerusha akafunua kurasa, kidole kikihesabu. Hesabu ya sita ikatua kwenye mwezi huu huu tuliomo.

Akatoa simu, akampigia daktari, sauti nje sote tusikie. Akamwambia kosa ni lake, mgonjwa yuko timamu. Daktari akaomba kuzungumza na mtoto wa mgonjwa. Jerusha akamtazama Nassoro, kisha simu akampa Bi Latifa.

"Zungumza naye mwenyewe, mama."

Wakapatana operesheni iwe Jumatatu. Bi Latifa akarudisha simu, akafungua mlango wake wazi.

"Haya, ingia ule. Pilau inapoa."