Hedifoni za Chumba cha Wanukuzi

Katika chumba cha wanukuzi, hata chafya ilikuwa kama inahitaji kibali. Watu sita walikaa humo kutwa, hedifoni kichwani, wakiandika neno kwa neno yaliyosemwa kwenye baraza la malalamiko ya wapangaji. Mlango ulipigiliwa ukanda wa mpira usigonge, miguu ya viti ilivalishwa vitambaa, na mwenye jambo la kumwambia mwenzake alimwandikia kikaratasi. Umbea wa humo ulikuwa wa maandishi, na aliyeukosa aliweza kuutafuta kwenye pipa la taka.

Aliyeheshimika kuliko wote ni mama mmoja waliyembandika jina la Masikio. Alikuwa na miaka kumi na tisa kazini. Neno likiwashinda wenzake, walimpelekea yeye, naye akisema halisikiki, basi iliandikwa "haisikiki" na hakuna aliyebisha. Jina hilo lilimvimbisha kichwa, tuseme ukweli, na aliringia masikio yake kama wengine wanavyoringia watoto wao waliofaulu mtihani.

Ndiyo maana hedifoni za zamani zilipoleta kero, msimamizi alimtuma yeye akachague mpya. Kero yenyewe ilikuwa ya aibu kidogo. Sauti ilikuwa inavuja nje, na ilivuja zaidi mezani pake. Mara mbili wiki hiyo alirushiwa kikaratasi: "Mama, kesi yako tunaisikia sote."

"Vyombo vyenyewe vizee," alijitetea kwa msimamizi, nje ukumbini. "Ukitaka kusikia, lazima ufungue sauti mpaka mwisho. Na walalamikaji nao siku hizi wananong'ona tu, utadhani wameitwa kutubu."

Dukani alimkuta mwanamke wa makamo, mpole, amezungukwa na maboksi.

"Za kazi gani, dada?"

"Ofisi ya kimya. Nataka sita. Nisikie mimi, jirani asisikie."

"Basi hivi vidude vya kuchomeka sikioni achana navyo, kutwa nzima vitakuumiza. Na hizi zenye matundu kwa nyuma ni tamu kweli, ila ukizivaa jirani naye anafaidi. Chukua za kufunika sikio lote."

Masikio alikuja amejiandaa. Kwenye simu yake alikuwa na rekodi ya majaribio: msimamizi anahesabu moja hadi kumi kwenye maikrofoni ya kushoto, anapokaa mlalamikaji, kisha moja hadi kumi kwenye ya kulia, ya mwenyekiti, kila maikrofoni ikisikika sikio la upande wake. Akavaa hedifoni za kwanza. Kushoto, msimamizi alihesabu kama mtu aliye chumba cha pili. Kulia, alihesabu kama amesimama mbele yake.

"Hizi mbovu, upande wa kushoto."

Akapewa nyingine, za kampuni tofauti. "Nazo mbovu." Za tatu zilitolewa kwenye boksi zikiwa bado na nailoni yake. Masikio akasikiliza, akazivua, akachungulia ndani ya mito kana kwamba kuna mdudu. "Dada, pole. Wamekuuzia mzigo mbovu."

Muuzaji hakukasirika. "Hebu zivae kinyume," alisema.

Akazivaa kinyume. Sasa hesabu ya kushoto ilimwingia sikio la kulia safi kabisa, kila namba na pumzi yake. Ilipofika zamu ya mwenyekiti, msimamizi akarudi chumba cha pili. Masikio akairudia rekodi toka mwanzo, na mambo yakawa yaleyale.

"Mama mkubwa wangu alianza hivyohivyo," alisema muuzaji kwa upole. "Nenda ukapimwe, dada. Hedifoni zangu ni nzima."

Alichukua sita za aina ile ya tatu, kwa kuwa mito yake ilikuwa laini na haikuvujisha sauti. Njiani aibu ilimpanda kwanza, hofu ikafuata. Nani anamtaka mnukuzi asiyesikia? Jina, meza, miaka yote ile, vingeondoka kwa barua moja. Akakata shauri kunyamaza. Atazivaa kinyume inapobidi, atapunguza sauti, na hakuna atakayejua.

Alikuwa tayari kwenye ngazi za ofisi, maboksi mikononi, alipokumbuka kwamba mlalamikaji hukaa kushoto. Akasimama hapohapo.

Hakumgawia mtu hedifoni. Alikaa, akafungua kesi ya mzee mmoja aliyoimaliza juzi, yenye "haisikiki" kumi na moja kwenye ukurasa mmoja, akavaa hedifoni mpya kinyume. Mzee hakuwa ananong'ona hata chembe.

"Paa linavuja juu ya kitanda cha mke wangu," alisema. "Mke wangu amepooza. Mwenye nyumba ananiambia nisogeze kitanda. Chumba chenyewe ni kimoja, nikisogeze wapi?"

Yeye alikuwa ameandika: "Paa, haisikiki, kitanda, haisikiki." Na wajumbe wa kuamua hawakuwapo barazani, wao walisoma karatasi tu. Ya mzee wangeisoma kesho asubuhi.

Masikio alilia bila sauti, kama sheria ya chumba inavyotaka. Kisha akajifuta uso, akaenda kwa msimamizi, akamweleza yote.

"Kesi ngapi?" msimamizi aliuliza.

"Sijui. Toka mwaka uanze, pengine kabla."

"Nyingine zimeshaamuliwa, dada."

"Najua."

Msimamizi alifunga mlango, akatoa fomu ya marekebisho, akaweka kidole kwenye mstari wa sababu. "Andika hitilafu ya vifaa. Hedifoni zilikuwa mbovu, chumba kizima ni shahidi. Sitaki uondoke kwa jambo hili."

Masikio alimpenda kwa maneno hayo, na kwa kitambo alitamani sana kuyakubali.

"Nikiandika vifaa, watarekebisha kesi hii moja," alisema. "Wenzangu wametumia hedifoni zilezile na kazi zao ni safi. Za kurudiwa ni zangu peke yangu, na hakuna atakayelijua hilo nisiposema."

Akachukua kalamu, akaandika: "Mnukuzi hasikii vizuri sikio la kushoto." Akahakikisha maandishi yanasomeka. Akatia saini.

Msimamizi alizunguka meza, akasimama ubavuni pake, kushoto, akasema kitu kwa sauti ya chini. Miezi mingi sasa, watu wakimsemesha upande ule, Masikio alikuwa anatabasamu na kuitikia kwa kichwa tu. Safari hii hakuitikia.

"Kaka, hamia upande huu," alisema. "Huko sikusikii."