Matundu Matatu Chini ya Bati

Mvua ya Novemba ilikosa, na kufikia Februari mwaka wa elfu mbili maji ya bwawa la Masinga yalikuwa yamerudi nyuma sana. Wavuvi wa Kivaa walitembea robo saa nzima juu ya matope yaliyopasukapasuka kabla ya kuyafikia. Wengi walilalamika. Ndanu hakulalamika sana, kwa sababu mashua yake ilikuwa kuukuu na ilivuja, na kwa miezi mingi alikuwa akivua huku mkono mmoja ukichota maji kwa kopo. Sasa ilikuwa imelala nchi kavu. Angeitengeneza bila haraka.

Mashua hiyo ilikuwa ya mumewe, Kioko, aliyezama Novemba ya mwaka wa tisini na nne. Ilipatikana asubuhi kwenye matete, imejaa maji mpaka juu, nyavu zimejisokota, kofia ya Kioko imenasa kwenye msumari. Mwili haukuonekana. Aliyeiona kwanza alikuwa Muindi, mdogo wake Kioko. Aliivuta mpaka ukingoni, akawaambia watu kwamba kiboko ameiuma chini, na kabla jua halijatua akawa ameshapigilia kipande cha bati upande wa nje, akaongeza ubao upande wa ndani, akapaka lami kotekote. Hakuna aliyeshangaa. Miezi mitatu tu kabla ya hapo, mamba alikuwa amemnyakua Nzuki, mwenzake Kioko, akiwa ameinama kuvuta wavu kutoka kwenye mashua hiyohiyo. Watu walisema bwawa limekuwa baya. Kanisani wakafanya ibada ya kumkumbuka Kioko bila jeneza, na mama yake, Kalunde, akaketi mbele na shati la mwanawe mapajani.

Ndanu alibaki akiwa na miaka thelathini na mbili, binti mmoja aitwaye Mwende, na mama mkwe ambaye macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Kuogelea hakujua. Wanawake wa Kivaa waliuza samaki na kuwakausha, lakini hakuna aliyeingia bwawani na nyavu. Wazee wa kikundi cha wavuvi walimshauri auze mashua. Alikataa, bila kujua vizuri kwa nini anakataa. Siku ya kwanza alipopanda, alitapika kwa hofu kabla hawajafika kwenye kina. Siku ya pili alitapika tena. Muindi ndiye aliyempigia makasia, ndiye aliyemfundisha tilapia hujificha wapi maji yakipoa na kambare hupenda matope ya namna gani. Miaka mitano walivua pamoja, shemeji mbele, yeye nyuma, na karo ya Mwende ikatoka humo.

Siku hiyo ya Februari Muindi alikuwa ameenda Tala kununua lami, misumari na pamba ya kuziba nyufa. Ndanu hakutaka kumngoja. Aliiegemeza mashua ubavu kwa magogo mawili, akachukua patasi na nyundo, akaanza kukwangua. Lami kuukuu ilitoka vipandevipande. Mbao za ubavuni zilikuwa bado ngumu. Mbili tu za nyuma ndizo zilizooza, ukizibonyeza kwa kidole zinaingia kama ndizi mbivu. Aliziwekea alama kwa makaa. Kisha akafika kwenye bati.

Alitaka kulibadilisha kwa sababu lilikuwa limekula kutu. Aling'oa misumari mmoja mmoja, akalibandua. Alitarajia kuona mbao iliyotafunwa. Meno ya kiboko aliyajua, alishaona mtumbwi wa mtu mwingine uliovunjwa ukabaki kuni.

Chini ya bati kulikuwa na matundu matatu.

Yalikuwa ya mviringo, yamepangwa kwa mstari, kila moja lina upana wa kidole gumba. Aliingia ndani ya mashua, akang'oa na ule ubao, akakwangua lami. Upande wa ndani matundu yalikuwa na kingo safi kabisa. Upande wa nje mbao ilikuwa imechanika kidogo kuzunguka kila tundu, vile inavyochanika keekee ya kutobolea mbao inapotokea upande wa pili. Ndanu alikuwa amemshikia Kioko mbao mara nyingi akitoboa. Alizijua kazi za keekee.

Aliingiza kidole kwenye tundu la kwanza. Kiliingia chote. Akakitoa, akakiangalia, akakiingiza kwenye la pili, kama mtu anayehesabu akasahau amefika ngapi. Kiboko hatoboi. Mamba hatoboi. Mtu alikuwa ameketi ndani ya mashua hii, akaitoboa, akatoboa tena, akatoboa tena.

Na mtu aliyeyafunika matundu hayo alikuwa Muindi.

Ndanu aliketi chini. Miaka mitano. Asubuhi ngapi alikuwa ameketi akitazamana na uso ule, wawili peke yao katikati ya maji, yeye asiyejua kuogelea, na mtu aliyemuua ndugu yake. Alikumbuka chai waliyokuwa wakigawana kwenye kikombe kimoja cha plastiki.

Muindi alifika saa tisa, debe la lami begani, mfuko wa pamba mkononi. Aliona bati limelala kando. Aliweka debe chini polepole, kama lina mtoto ndani.

"Shemeji," alisema, "ningekuja tungefanya pamoja."

"Nani alitoboa?"

Muindi aliyatazama matundu. Ndanu aliishika patasi.

"Nimekuuliza, Muindi. Wewe ndiye ulifunika. Ulisema ni kiboko. Ulisema mbele ya mama, ukasema mbele ya kanisa. Ulimuua ndugu yako?"

"Mimi?" Muindi alirudi nyuma hatua moja. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepigwa kofi na mtoto. "Shemeji, umefikiria hivyo? Kwamba mimi niliua Kioko?"

"Basi nani?"

Muindi aliketi kwenye vumbi, akatazama maji kule mbali.

"Hakuna mtu aliuawa," alisema. "Kioko yuko hai. Yuko Kinanie."

Ndanu alisikia maneno hayo vizuri. Kila neno alilielewa. Alichojibu ni, "Lami umeleta debe moja tu? Haitatosha."

"Shemeji."

"Nilikuambia madebe mawili."

Muindi alianza kulia. Ndanu alikuwa hajawahi kumwona analia, hata siku ya ibada. Alieleza akiwa ameinamisha kichwa. Alipoyaona matundu asubuhi ile alielewa kwamba ni kazi ya ndugu yake, kwa maana ni Kioko peke yake aliyekuwa na keekee, lakini alidhani amejiua, na mtu aliyejiua hangeombewa kanisani. Akafunika. Baada ya mwezi mmoja, siku ya soko, Kioko akamshika bega huko Tala katikati ya wauza mitumba. Alimwapisha asiseme. Wiki zikawa miezi, na kadiri muda ulivyopita ndivyo kusema kulivyozidi kuwa kugumu.

"Nilikuwa nakuja kukupigia makasia," alisema, "kwa sababu sikujua nifanye nini kingine."

Ndanu alienda Kinanie siku ya pili. Muindi alikuwa amemwelekeza: machimbo ya mawe upande wa reli, aulize Baba Mutua. Jina hilo lilimkwama. Kulikuwa na Mutua, basi.

Alimwona Kioko kabla Kioko hajamwona. Alikuwa ameketi juu ya jiwe na patasi na nyundo, anachonga, amepigwa na vumbi jeupe mpaka nyusi. Alikuwa amenenepa. Ndanu alishtuka kwa hilo kuliko yote. Kwa miaka mitano alikuwa amemwona usingizini, mwembamba, amelowa, na huyu hapa ana shingo nene na kiraka kipya kwenye suruali ambacho mwanamke mwingine alikishona.

"Kioko."

Nyundo ilisimama hewani. Aligeuka, na vumbi lote lile usoni halikuweza kuficha jinsi alivyosawijika.

"Mama Mwende," alisema.

Walisimama kando ya rundo la mawe. Wafanyakazi wengine walitazama, wakaona si mambo yao, wakaendelea kugonga. Ndanu alikuwa amejitayarishia maneno mengi njiani. Hayakuja.

"Kwa nini?" aliuliza tu.

Kioko alifuta uso kwa kiganja.

"Nzuki alikuwa amenishika mkono," alisema. "Hilo sikuwaambia. Mamba alipomvuta, Nzuki alinishika hapa, na mimi nilikuwa naenda naye. Nikafungua vidole vyake. Kimoja kimoja. Siku ya pili wazee wakaniambia mvuvi akikaa nyumbani woga unaingia, nirudi kazini. Nikarudi. Miezi mitatu nilirudi, Mama Mwende, kila asubuhi, na kila asubuhi nilisikia vidole. Niliogopa maji. Ningesemaje? Baba yangu aliishi kwa maji hayo. Mama anamwambia kila mtu mimi sina woga. Nikaona afadhali niwe mtu aliyekufa kuliko mtu anayeogopa."

"Kwa hivyo ukatutobolea mashua."

"Nilitaka izame kabisa. Msiitafute."

Ndanu alimtazama.

"Unajua nani anavua nayo?"

"Nilifikiri Muindi."

"Muindi hakukuambia?"

"Nilimwambia asinipe habari za nyumbani. Sikuweza kuzisikia."

"Ni mimi," Ndanu alisema. "Mimi navua nayo. Sijui kuogelea hata leo. Naketi nyuma, pale ulipokuwa unaketi, na ninainama kuvuta wavu pale Nzuki alipoinama. Miaka mitano. Wewe uliogopa maji, ukaniachia mimi maji."

Nyundo ilimwangukia Kioko mguuni na hakuonekana kuihisi. Alionekana kama mtu anayeletewa habari ya kifo.

"Mama bado yuko," Ndanu alisema. "Haoni. Mpaka Jumapili utakuwa umekuja umwambie mwenyewe. Usipokuja, nitamwambia mimi, na nitamwambia yote, hata vidole."

Hakuuliza kuhusu Mutua wala mama yake Mutua. Aliondoka.

Alikuwa amekusudia kunyamaza mpaka Jumapili, lakini siri hiyo ilimshinda usiku uleule wa kwanza. Wakimenya mihogo jikoni, Kalunde aliuliza, "Ndanu, una nini? Unapumua kama mtu aliyebeba gunia."

"Mwaitu, mama yangu," Ndanu alisema, "Kioko hakufa. Nimemwona. Yuko Kinanie anachonga mawe."

Kisu cha mama mkwe kilisimama. Hakupiga ukelele, hakuanguka. Aligeuza uso wake kuelekea mlangoni, kama vile mtu amebisha. Alikaa hivyo kwa muda mrefu, mpaka maji ya sufuria yakaanza kufurika yakazima nusu ya moto, na hakuna aliyeinuka.

"Amekonda?" aliuliza mwishowe.

"Hapana, mwaitu. Amenenepa."

"Amenenepa," Kalunde alisema, akarudia tena kwa sauti ya chini, kisha akaendelea kumenya muhogo uliokwisha kumenywa, mpaka Ndanu akamshika mkono asije akajikata.

Jumapili Kioko alikuja. Alikuja kwa miguu kutoka barabarani, mchana watu wakitoka kanisani. Mwanamke mmoja alimwona, akakaa chini palepale katikati ya njia. Mzee aliyeongoza ibada yake alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Hakuna aliyemsalimia. Watoto peke yao ndio waliomfuata, kwa sababu hawakumjua.

Kalunde alikuwa ameketi nje ya nyumba. Alimpapasa uso, paji, pua, masikio, akaendelea shingoni mpaka mabegani, akayapima kwa viganja. Kisha akamzaba kofi, moja, lenye nguvu ambayo Ndanu hakujua kama bado anayo. Baada ya hapo akamwambia Ndanu ampe chakula.

Kioko alikula peke yake. Alimweleza mama yake yale ya Nzuki, na jioni akaenda kwa mjane wa Nzuki kumweleza pia. Yule mama hakumfungulia mlango, alisikiliza kutoka ndani. Mwende, aliyeitwa kutoka shuleni, alimtazama baba yake kwa dakika moja hivi, akatoka nje akaketi na Muindi. Kioko alirudi Kinanie Jumatatu. Ukoo ulikaa kikao, wengine wakasema Ndanu arudiwe na mumewe, wengine wakasema mashua ni ya Kioko kwa kuwa hajafa. Ndanu aliwaambia kwamba anayeitaka aje aichukue itakaporudi majini, na hakuna aliyekuja.

Matengenezo yalichukua wiki mbili. Alichonga vigingi vitatu vya mti mgumu, akavigongomea kwenye matundu, akavikata vikawa sawa na mbao. Akabadilisha zile mbao mbili zilizooza, akasindilia pamba kwenye nyufa, akapaka lami mara mbili.

Muindi alikuja siku ya kuishusha. Alisimama mbali kidogo, kofia mkononi.

"Shemeji, utanichukua tena?"

Ndanu bado alikuwa anaamka usiku akihisi kidole chake ndani ya tundu. Hakujua kama hali hiyo itaisha.

"Utaketi nyuma wewe," alisema. "Mimi nitapiga makasia, nikikuangalia."

Wakaisukuma juu ya matope mpaka ikagusa maji, na Muindi akapanda kwanza, akaenda nyuma kama alivyoambiwa.