Yalikokwenda Mafuta

Abrahamu alikuwa mtunza stoo katika kiwanda cha chai, na kazi hiyo ilikuwa imemfundisha kuwa kitu kikipungua, kuna mkono uliokichukua. Mbolea haiyeyuki yenyewe stoo, wala magunia hayana miguu. Wezi aliowakamata walikuwa wengi, na wakubwa walimsifu mbele za watu. Kwa hiyo mshale wa mafuta wa gari lake ulipoanza kushuka upesi kuliko alivyotarajia, hakulifikiria gari. Alimfikiria mkewe.

Lilikuwa gari dogo la mtumba, lenye keria juu na nafasi nyuma ya kupakia mizigo. Mkewe, Esnath, ndiye aliyelitumia siku za kazi. Asubuhi alizunguka vitongoji vya Kinyala kukusanya mikungu ya ndizi kwa wakulima, akashuka nayo hadi kwenye lami, kisha akapanda Tukuyu kuiuza sokoni. Abrahamu alikwenda kazini na basi la kiwanda, na gari lilikuwa lake Jumapili tu, kwenda kanisani na kuwasalimu ndugu. Jumapili mshale ulikuwa hausogei sana. Hilo ndilo lililokuwa likimtafuna. Chuma ni kilekile na petroli ni ileile, sasa mbona kwa mkewe mafuta yaishe na kwake yasiishe?

Esnath alimweleza tangu mwanzo. Alisema gari huwa zito anapoondoka kwenye vilima anakopakia, linaburuta kama ng'ombe aliyekataa kuvuka mto, na nyuma kunatoka harufu kama ya kitambaa kinachoungua. Aliomba lipelekwe kwa fundi. Jumapili iliyofuata Abrahamu alilitoa pale uani kwao, penye tambarare, likateleza barabarani kama limepakwa siagi. Hakusikia harufu yoyote.

"Kwangu haliwi zito," alimwambia waliporudi. "Yaani linaugua likiwa na wewe tu?"

Esnath hakujibu. Kwa Abrahamu, kunyamaza kule kulikuwa sawa na kukiri.

Akaanza kuulizauliza. Anayetafuta hakosi, na yeye akapata: gari lilikuwa linaonekana mara kwa mara limeegeshwa njia ya Igogwe, chini ya nyumba ya Meshaki, mwalimu wa kwaya. Meshaki alikuwa mtu mpole, amefiwa na mke, anaishi na mama yake mzee. Ni kweli Esnath alisimama pale, maana bibi yule alikuwa na migomba mizuri kuliko yote upande ule, na ndizi zake zilikuwa hazikai sokoni. Angeulizwa, angesema. Lakini Abrahamu hakumuuliza. Alikwenda kwa wazee wa kanisa.

Wakaitwa wote watatu asubuhi moja. Meshaki alisimama mbele ya wazee na kusema kuwa hajawahi kumgusa mke wa mtu, na sauti yake, iliyozoea kuongoza watu kuimba, ikakatika katikati ya maneno. Wazee hawakuwa na ushahidi wowote. Walimwomba apumzike kidogo kwenye kwaya mpaka maneno yapoe. Maneno hayakupoa. Wanakwaya walikuwa wakimpisha njiani kama mtu mwenye ugonjwa wa kuambukiza, na siku chache baadaye akafunga mzigo wake akaenda Chunya kwenye machimbo, akamwacha mama yake peke yake na migomba yake.

Alasiri ya siku ileile ya kikao, Esnath alirudi kutoka sokoni akiwa amelowa. Abrahamu alimsubiri uani kwenye manyunyu. Esnath alipozima gari, Abrahamu akanyoosha mkono dirishani, akachomoa ufunguo, akautazama mshale.

"Niambie mafuta yanakwenda wapi."

"Yanaishia mlimani, baba Lusungu," alisema mkewe akishuka. "Panda na mimi siku moja uone mwenyewe."

Akampiga kofi. Lilitua upande wa sikio, kwa nguvu ya mtu aliyelifikiria muda mrefu. Esnath alianguka kando ya tairi, akakaa pale chini akiwa ameshika kichwa, akitazama mbele kama anayetegea sikio sauti ya mbali. Kisha akanyanyuka, akaingia ndani, akafunga nguo zake kwenye kanga, akaondoka kwa miguu kurudi kwao Suma. Binti yao Lusungu alikuwa shule ya bweni. Habari alizipata kwa majirani kabla hajazipata kwa baba yake.

Abrahamu hakumfuata. Moyoni alijiona ameziba tundu. Lakini wakulima walikuwa wameshakata ndizi zao, na wanunuzi Tukuyu walikuwa wakipiga simu, naye hakutaka biashara ife. Akaomba likizo kazini, akaamua kuzibeba mwenyewe.

Kitongoji cha kwanza kilikuwa juu ya kilima chenye utelezi. Alipoegesha, gari lilitaka kurudi nyuma, akavuta breki ya mkono kwa nguvu zote. Akapakia mikungu mpaka nyuma ikadidimia, mingine akaifunga juu kwenye keria. Alipoishusha breki na kuliondoa gari, aliona halitaki. Alikanyaga mafuta, injini ikalia, gari likajivuta kidogokidogo. Akadhani ni tope. Akafika kilima cha pili, akavuta tena breki ya mkono, akapakia, akaondoka. Kwenye kona za kupanda ilibidi atumie gia namba moja, injini ikiunguruma kwa hasira. Ndipo harufu ikaingia dirishani, kama ya kitambaa kinachoungua.

Alipofika sokoni Tukuyu hakushuka. Wabebaji walikuja wakafungua mlango wa nyuma wakaanza kuteremsha ndizi, naye amekaa tu, mikono kwenye usukani. Mshale ulikuwa umelala karibu na mwisho. Hakuwa amepita kwa mtu. Hakuwa amekwenda popote ila mlimani.

Alipeleka gari kwa fundi Kheri, mtu wa mjini aliyerithi gereji kwa baba yake. Kheri alisogeza kiganja karibu na gurudumu la nyuma, akakirudisha haraka kwa joto. Alifungua, akaangalia, akaeleza bila haraka. Waya wa breki ya mkono ulikuwa umeshika kutu ndani ya mpira wake kwa ajili ya mvua na tope. Ukiuvuta, haurudi wote. Breki inabaki imeshika, na injini inapigana na breki yake yenyewe safari nzima. Ongeza mzigo, ongeza keria, ongeza vilima na gia ndogo, na tairi hizi zisizo na upepo wa kutosha, petroli itabaki wapi? Akauliza kama nyumbani huwa anavuta breki ya mkono. Abrahamu alisema kwao ni tambarare, huliacha kwenye gia tu. Kheri akatikisa kichwa. Basi kwako haikushika, alisema.

Halafu akauliza, huku akijifuta mikono, "Aliyekuwa akiliendesha siku zote hakusikia hii harufu?"

"Alisikia," alisema Abrahamu.

Kheri akabadilisha waya, na siku iliyofuata Abrahamu alikwenda Suma. Baba mkwe alimpa kiti nje ya nyumba, akaingia ndani, na hakuna kilicholetwa, hata maji. Esnath akatoka, akaketi mbali kidogo. Abrahamu akaanza kueleza habari za waya, kutu, vilima na mzigo. Alieleza mengi, maana alijua akinyamaza itambidi aseme lile lingine. Katikati ya maelezo aliona mkewe amegeuza kichwa, amemwelekezea sikio lisilopigwa. Akanyamaza.

"Hilo sikio la upande huu?" aliuliza.

"Halisikii."

Akapiga magoti kwenye majani mabichi na kuomba msamaha. Esnath alimtazama bila hasira, na hilo lilimuumiza kuliko matusi.

"Gari lilipokwambia, ulikubali siku ileile," alisema. "Mimi nilikwambia mwaka mzima." Kisha akauliza, "Kwa mama yake Meshaki umefika?"

Hakuwa amefika. Esnath akanyanyuka akaingia ndani, na hakutoka tena.

Abrahamu aliondoka Suma na kupitiliza mpaka njia ya Igogwe. Gari lilikuwa jepesi, vilima lilivipanda bila kelele, na mshale ulikaa palepale. Alimkuta bibi anapalilia migomba peke yake, mgongo umepinda. Bibi aliposikia mlango wa gari, aliacha jembe akaja haraka, akikanyaga vibaya kwa uzee, uso umejaa tumaini.

"Ugonile," alimsalimu. "Umeniletea habari za mwanangu?"

Abrahamu alisema hapana. Bibi akaendelea kusimama kidogo, akingoja kama kuna neno jingine. Alipoona hakuna, akarudi kwenye jembe lake.