Inchi Nne kwa Kila Kitunguu

Katika mwaka wa pili wa vita, kamati ya kilimo ilituletea amri: bustani ya Jumba la Thornleigh itoe tani mbili za vitunguu kwa ajili ya hospitali, la sivyo trekta lingeingia katika bustani ya mbele, ling'oe nyua zote za vichaka, na mahali pake papandwe viazi. Nyua hizo fupi, zilizokatwa kwa umbo la mafundo yaliyosukana, zilipandwa zaidi ya miaka mia mbili kabla yetu. Zikishang'olewa, hakuna aliye hai ambaye angeziona zimekomaa tena. Vitunguu navyo vilikuwa vimeadimika kuliko mayai, kwa kuwa vilikuwa vikiletwa kwa meli kutoka Ufaransa, na Ufaransa ilikuwa mikononi mwa adui.

Mwenye jumba alikuwa amenikabidhi bustani yote. Nilipima, nikachora, nikaandika: ndani ya ukuta wa bustani ya mboga, matuta sitini, inchi nne kati ya kitunguu na kitunguu. Nilimsomea mpango huo Mzee Jabez Tuckett, mtunza bustani wetu kwa miaka hamsini, mara tatu. Aliitikia kwa kichwa mara tatu.

Mbegu zilipoota, siku ya kupunguza miche iliyosongamana nilikwenda mjini kutafuta mbolea. Niliporudi saa saba mchana, nilikuta matuta yamekuwa matupu kama kichwa cha mwenye upara. Kati ya mche na mche palikuwa na futi nzima.

"Mzee Tuckett! Umefanya nini?"

"Nimepunguza, Bi Loveridge. Si ulisema nipunguze?"

"Nilisema inchi nne!"

"Inchi nne?" Akacheka. "Utapata vitunguu vya kuchezea gololi. Kitunguu kinataka nafasi ya kunenepa, bibi. Mimi nimeshinda mashindano ya vitunguu ya Agosti mara tisa."

"Mashindano! Vitunguu vyako vya mashindano huoza kabla ya Krismasi. Wagonjwa hospitalini watakula kikombe chako cha ushindi?"

"Vina sura nzuri, lakini," akasema kwa huzuni ya kweli.

Bwana Crouch wa kamati alikuwa aje Jumamosi kuhesabu miche. Ilikuwa Alhamisi. Mbegu nyingine hazikuwapo, na hata zingalikuwapo, wakati wa kuzipanda ulikuwa umekwisha.

"Miche uliyong'oa iko wapi?"

"Kwenye lundo la mboji. Nimeitupa asubuhi hii hii."

Nililifukua lundo kwa mikono yangu. Miche ilikuwa imelegea, lakini mizizi yake ilikuwa ingali na unyevu. Ndani ya ukuta hapakuwa na tuta jingine tupu. Kuirudisha kati ya ile iliyosimama kungeitikisa yote. Nafasi pekee yenye udongo laini ilikuwa katikati ya nyua za mbele, nayo ilikuwa imejaa mawaridi ya Mzee Tuckett.

"Lete jembe," nikasema. "Mawaridi yang'olewe."

Akanitazama kana kwamba nimetukana mamaye. "Nimeyalea tangu mke wangu yu hai."

"Najua. Chaguo ni hili: mawaridi yaende, nyua zibaki, au trekta lichukue vyote viwili."

Alikwenda kulichukua jembe, akang'oa waridi la kwanza mwenyewe, asikubali nimsaidie. Tulipanda hadi Ijumaa jioni, magoti yakiwa matopeni, nami nikimkemea kila alipojisahau na kuacha nafasi pana.

Jumamosi Bwana Crouch alipita polepole kati ya nyua, akihesabu. Miche ilikuwa imeanza kusimama.

"Vitunguu mahali pa mawaridi," akasema. "Sijapata kuona. Lakini idadi imetimia. Nyua zenu zibaki."

Alipokwisha kuondoka, Mzee Tuckett alinisogelea, kofia mkononi.

"Bi Loveridge, pale pembeni, karibu na lango... vitunguu viwili tu. Nivipe futi moja moja."

"Hapana."

"Kimoja, basi."

"Mzee Tuckett, kamwagilie maji."