Majina ya Korongo Weupe

Kila siku ya kazi, ikikaribia saa tano asubuhi, Ikram aliacha mafaili yake, akachukua kikombe cha chai na kwenda kusimama kwenye korido ya ghorofa ya pili, upande ambao mtandao haukatiki. Wenzake wa masjala waliamini ana mchumba wa mbali. Aliwaacha waamini hivyo. Angeanzia wapi kuwaeleza kwamba anasubiri habari za timu ya besiboli ya mji mdogo wa Japani, tena timu ambayo msimu wake ulikwisha Oktoba na haitashuka uwanjani tena hadi Aprili?

Timu hiyo iliitwa Korongo Weupe, na mmoja wa warushaji wake alikuwa Yahaya, mdogo wake, kitinda mimba wa Mzee Masudi wa Chemba. Yahaya aliujua mchezo huo akiwa sekondari, kupitia mwalimu wa kujitolea aliyetoka Japani. Siku ya kwanza mwalimu alipomwona akirusha mpira, alimwuliza amefundishwa na nani. Yahaya akajibu kuwa hajafundishwa na mtu. Ila tangu ana miaka saba alikuwa akiamia ndege kwenye uwele wa baba yake, na kwelea hawajali kelele, wanajali jiwe linalofika. Miaka mitano baadaye mwalimu yuleyule akamtafutia nafasi kwao, kwenye ligi ndogo isiyojulikana sana hata huko.

Mikataba ilikuwa ya mwaka mmoja mmoja. Novemba ikiingia, timu ilianza kutangaza kwenye ukurasa wake nani anabaki na nani anaondoka, leo wawili, kesho mmoja. Ikram hakujua neno la Kijapani. Simu ndiyo iliyomtafsiria, kwa Kiswahili cha kupinda pinda, lakini kwa msimu wa tatu sasa alikuwa amekwisha kuizoea lugha yake. Anayebaki aliandikiwa “tutapigana pamoja tena”. Anayeondoka aliandikiwa “tunamshukuru kwa kila kitu”. Ikram alikuja kuyaogopa hayo maneno ya shukrani kama mtu anavyoogopa hodi ya polisi.

Wiki ya tatu ya Novemba walikuwa wamebaki wawili tu ambao hawajatangazwa, mchezaji mmoja mzee wa kulinda kituo uwanjani na Yahaya.

Kilichomtia hofu zaidi ni Yahaya mwenyewe. Zamani akipiga simu alikuwa haishi kusimulia, theluji, chakula, wazee wa mji wanaomwita kwa jina barabarani. Siku hizi alisema baridi kali, amechoka, atapiga kesho. Ikram alipomwuliza waziwazi habari za mkataba, alijibu kwamba mambo yanaenda, kisha akauliza kama mvua zimeanza Dodoma.

Na kulikuwa na baba. Mzee Masudi hakuwahi kuona mechi ya besiboli ikichezwa mbele ya macho yake, lakini kijijini hapakuwa na shabiki wa kumfikia, kwani alikuwa peke yake. Kila Ijumaa akitoka msikitini alipanda kilimani kutafuta mtandao, akampigia binti yake na kuuliza, kwa Kiswahili chake cha taratibu alichojifunza ukubwani, Korongo wanasemaje. Ikram alimjibu kuwa wako mapumzikoni, na timu ikipumzika haina habari. Siku moja mzee aliuliza kama hakuna hata picha. Hakuna, Baba. Ikram akikata simu alibaki ameishika mkononi, kwa sababu hakuwa na mazoea ya kumdanganya baba yake.

Alhamisi moja alasiri, aliporudi nyumbani kwake Area D, alimkuta mzee amekaa kwenye ngazi ya mlango, dumu dogo la asali miguuni.

“Shikamoo, Baba. Kuna nini nyumbani?”

“Marahaba. Nyumbani hakuna kitu.” Alimtazama. “Sauti yako ndiyo iliyonileta, mwanangu. Unaficha jambo.”

Usiku huo Ikram alimweleza yote, majina, mkataba, wale wawili waliobaki. Mzee alisikiliza bila kumkatiza, akauliza tangazo hutoka saa ngapi, akaenda kulala. Ila kitanda chake Ikram alikisikia kikilia mpaka alfajiri.

Ijumaa aliomba ruhusa kazini. Wakaketi sebuleni, simu mezani kati yao. Saa tano ikapita na ukurasa uko vilevile. Saa tano na dakika kumi picha ya Yahaya ikatokea, kofia imemkaa vizuri, anacheka. Ikram alisoma mstari mmoja, akaigeuza simu uso chini.

“Soma,” mzee akasema.

“Wanasema wanamshukuru kwa kila kitu.”

Alitegemea baba yake atainamisha kichwa, au atasema ni mipango ya Mungu. Mzee aliuliza, “Na bega? Wameandika nini kuhusu bega?”

Ikram hakuelewa. Ndipo baba yake akamweleza. Video ya mechi moja ambayo Ikram alimwonyesha mwezi wa saba alikuwa ameiangalia vizuri. Yahaya alikuwa akirushia kiwiko, na mtoto yule hakuwahi kurushia kiwiko tangu azaliwe. Mtu akifanya hivyo ujue analisitiri bega. Tangu siku hiyo alikuwa akiuliza habari za Korongo kila wiki akitumaini wataandika kwamba wanamtibu.

“Wewe ukaniambia hakuna habari,” alisema, pasipo ukali. “Nikajua hawajamtibu.”

Ikram aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Wiki zote hizo alimkinga baba yake na jambo lisilomsumbua, na lile lililomsumbua akamwacha nalo peke yake.

Wakampigia Yahaya. Alipokea haraka. Mzee aliichukua simu, akaanza kusema kwa Kisandawe, lugha yao ya nyumbani, ulimi ukipiga vidoko kwa upole. Hakuitaja timu.

“Usiku unalalia upande gani?”

Wakamsikia analia. Alikuwa akilalia kushoto tangu Agosti. Msuli ulichanika, mkataba alijua tangu mwanzo wa Novemba kwamba umekwisha, akamsihi meneja amtangaze mwisho. Timu yenyewe ilikuwa imemtafutia daktari, na upasuaji ulikuwa Jumanne.

“Nilitaka kwanza nijue narudi na mkono au bila mkono,” alisema. “Ndiyo niwaambie.”

Mzee Masudi alikataa kuondoka Dodoma kabla ya Jumanne. Hakula cha maana siku hizo nne. Ikram naye Jumanne aliweka barua mbili kwenye mafaili yasiyo yake, na bosi wake akamwambia aende tu nyumbani. Saa tisa alasiri simu ikalia. Sauti ya Yahaya ilikuwa nzito kwa dawa. Msuli umeshonwa. Mkono utafanya kazi zote, daktari amesema, lakini kurusha kwa kasi ile ya zamani ni majaliwa. Labda baada ya mwaka, labda basi. Januari atarudi nyumbani.

Mzee alikaa na habari hiyo mpaka adhana ya alasiri. Alipomaliza kuswali, aliomba ugali, akaumaliza.

Alhamisi asubuhi Ikram alimsindikiza stendi. Mawingu yalikuwa yamejaa upande wa Kondoa na mzee alikuwa na haraka ya kuwahi shamba. Akiwa ameshakanyaga ngazi ya basi, aligeuka.

“Hao Korongo, wanaanza tena lini?”

“Aprili, Baba. Lakini Yahaya hatakuwepo.”

“Najua hatakuwepo.” Akasogeza mfuko wake begani. “Utaniambia wanaendeleaje. Wamenitibia mtoto.”