Maji ya Ema

Elieza fundi seremala alikuwa na ulimi mkali kuliko randa yake. Karakana yake ilikuwa Makambako, kando ya barabara kuu, na kila Jumamosi watu walijaa mlangoni, wengine hawana kitanda wala mlango wa kutengenezesha, wamekuja tu kumsikia akibishana na Nahumu, mzee wa kanisa kutoka kwao Kichiwa. Hakuna aliyewahi kumwona Elieza akikosa jibu. Ugonjwa wake ulikuwa huohuo.

Jumamosi moja ya Julai 1947 ubishi ulikuwa juu ya mtoto. Ema, bintiye Elieza, alikuwa na miezi mitano na hajabatizwa. Kesho yake mchungaji angebatiza watoto Kichiwa kabla ya kwenda safari ya Matembwe. Hulda, mama wa mtoto, alikwisha kushona gauni jeupe. Baba alikuwa amekataa.

"Mwalimu," alisema Nahumu. Bado alimwita hivyo, ingawa misheni ilimwachisha Elieza ualimu miaka saba iliyopita. "Mtoto ana kosa gani?"

"Hana. Ndiyo maana hahitaji kuoshwa."

Watu wakacheka. Nahumu akangoja wamalize.

"Bibi yangu alisingiziwa uchawi, akanyweshwa sumu ya mwavi hadharani, akafa akitapika. Mambo hayo nani aliyakomesha, kama si Injili? Na hizo herufi unazotupigia nazo, nani alikufundisha?"

"Misheni, sikatai. Sasa na wewe usikatae. Baada ya vita vya Maji Maji, nani alichoma maghala yetu? Watu waliosali kila Jumapili. Baba yangu hakuongoka, Mzee, alikuwa na njaa. Alibatizwa kwa bakuli la ulezi. Kisha Mjerumani na Mwingereza wakapigana, Mungu wao mmoja, na wapagazi waliokufa njiani wakawa sisi. Juzi tena, vita vya pili, Mwingereza Mkristo kaja na askari misheni kumkamata mchungaji Mjerumani, Mkristo mwenzake. Nikauliza darasani: hawa wawili wakisali, anasikilizwa yupi? Sikujibiwa. Nikafukuzwa."

"Wanadamu walikosea. Kristo hakukosea."

"Ndivyo wanavyosema waganga wote! Babu yangu alipewa maji, akaambiwa risasi hazitamdhuru. Alipoanguka wakasema kavunja mwiko, maji hayana kosa. Nanyi mna maji yenu. Mimi mwanangu simdanganyi kwa maji ya mtu yeyote. Akikua, atachagua mwenyewe."

"Na asipokua?" Nahumu aliuliza kwa sauti ya chini.

Mlangoni wote walijua kwamba Lucia, mtoto wa kwanza wa Elieza na Hulda, alizikwa makaburi ya kanisa akiwa na miaka miwili.

"Usinitishe kwa mtoto, Mzee," alisema Elieza, akainamia ubao wake. Jioni alirudi Kichiwa akijiona kashinda.

Jumatano Ema alishikwa na kichomi. Dawa ya zahanati haikusaidia kitu. Alhamisi asubuhi majani ya uwanjani yalikuwa meupe kwa baridi, na mtoto alikuwa akivuta pumzi kwa kukoroma, mbavu zikionekana moja moja. Hulda alimweka mapajani mwa baba yake. Akajaza maji katika bakuli la bati, akalifunika kwa sahani, akaliweka kando ya kigoda.

"Mchungaji yuko Matembwe. Naenda kumwita Mzee Nahumu," alisema. "Nikichelewa, mbatize wewe. Maneno unayajua, ulikuwa ukiyafundisha: penye hatari ya kufa Mkristo yeyote aweza."

"Nenda, mama Ema."

"Niahidi."

"Nenda, nimesikia."

Akabaki na mtoto. Alimwita jina, akampulizia vidole. Pumzi zilipoanza kuachana mbali, alinyoosha mkono kwenye ile sahani, akaurudisha. Alijiambia: neno la mwisho mwanangu atakalosikia kwangu lisiwe uongo. Wazo zuri hilo, na tumpe haki yake, alilimaanisha. Lakini tusimpambe. Aliuona pia uso wa Nahumu, akawaona watu wa mlangoni Makambako, akasikia watakavyosema. Akanyoosha mkono tena. Alikuwa bado anabishana, safari hii na nafsi yake, alipogundua kwamba kifua cha Ema hakipandi.

Hulda aliingia mbio, Nahumu nyuma yake akihema kwa uzee. Mama alimtazama mtoto mara moja tu.

"Ulimbatiza?"

Angeweza kusema hapana. Lakini aliyajua ya kwao: asiyebatizwa huzikwa nyuma ya nyumba, kwenye mianzi, bila kengele wala wimbo, mbali na dada yake. Na Hulda alikuwa amesimama mbele yake kwa miguu yenye matope.

"Ndiyo," alisema Elieza.

Hulda aliinama akamchukua mtoto. Kwa mkono mwingine akaokota bakuli, akatoka nalo nje. Aliporudi, Nahumu alikuwa amekwisha kukaa, akimhoji Elieza.

"Uliyasema maneno yote? Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu?"

"Yote."

"Ukiyaamini?"

Elieza alimtazama mkewe.

"Mzee," Hulda alidakia, "maji yenyewe ndiyo hayo nimetoka kuyamwaga. Mtoto wangu apigiwe kengele."

Mzee Nahumu alilia. Alimkumbatia Elieza, akasema alimwombea miaka saba na leo Bwana amejibu. Elieza alisimama mikononi mwake, akiona haya mpaka kwenye mifupa.

Kengele ilipigwa. Ema alizikwa kando ya Lucia, kwa nyimbo tatu, katika gauni jeupe. Jumapili mchungaji aliyerudi safari alimwita Elieza mbele ya kanisa kama kondoo aliyepatikana, naye akasimama, akaitika kila alichoulizwa. Habari ikashuka na barabara. Makambako wakawa wanaulizana: yule mbishi, kifo kilipobisha hodi, alikimbilia wapi? Mlangoni pa karakana sasa walikuja wenye shida ya milango tu. Hata mambo aliyoyajua kuwa kweli, ya maghala na wapagazi, hakuweza kuyasema tena. Angeanzia wapi, na yeye sasa ndiye ushahidi wa kanisa?

Arobaini ya mtoto ilikuwa imepita Elieza alipomkuta mkewe jikoni akisugua bakuli lile la bati. Alisugua mahali pamoja muda mrefu.

"Siku ile lilikuwa limefunikwa vilevile, baba Ema," alisema bila kugeuka. "Maji yamejaa mpaka ukingoni."

Elieza alishika mwimo wa mlango. "Ulijua?"

"Nilijua nilipoliokota."

"Ukamdanganya Mzee?"

"Nilimdanganya. Ningesema kweli, angezikwa kwenye mianzi peke yake." Aliinua bakuli, akatazama ndani. "Kaburi nimelipata, nakushukuru. Lakini mtoto mwenyewe sijui yuko wapi. Wewe unasema hayuko popote, basi unalala. Mimi silali."

"Hulda, nilitaka nisimdanganye mtoto."

"Na mimi ukanidanganya, na Mzee, na kanisa zima. Uongo wote huo uliuweza." Sasa aligeuka. Hakuwa na machozi. "Umesema miaka yote kwamba ni maneno tu, na maji ni maji. Kama ni maneno tu, yangekugharimu nini?"

Elieza alitafuta jibu. Aliyekuwa na jibu la Mjerumani na la Mwingereza, la mganga na la mchungaji, alisimama mlangoni pa jiko lake mwenyewe akitafuta, na hakulipata. Hulda akalifunika bakuli kwa sahani, akaliweka juu ya kichanja.

Jumapili kengele ya kwanza ilipolia, Elieza alivaa koti, akatangulia kanisani. Alikaa benchi la mbele, alilolichonga mwenyewe.